Ofsaidi: Neno la watu wa rugby linalotutoa machozi wapenda soka

SAA tano na nusu usiku, Juni 29, 2024. Kibanda umiza kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya kreti za soda. Ujerumani na Denmark, hatua ya 16 bora ya Euro, mechi iliyokwishasimamishwa kipindi cha kwanza kwa sababu ya radi na mvua ya mawe kule Dortmund. Dakika ya 48, Joachim Andersen anaweka mpira wavuni. Nusu ya kibanda inaruka. Mimi naruka pia, nilikuwa nimeweka soda kwa Denmark.

Halafu refa akaweka kidole sikioni.

Mnajua kilichofuata. Kompyuta ikachora msitari, ikaonyesha ncha ya kiatu cha Thomas Delaney imetangulia. Ncha tu. Bao likafutwa. Dakika chache baadaye Andersen huyohuyo akaguswa na mpira mkononi, penalti, Kai Havertz akafunga, na Denmark wakaenda nyumbani kwa 2-0. Kocha wao, Kasper Hjulmand, alitoa simu mbele ya waandishi akaonyesha picha, akilalamika kuwa ameng'olewa kwa sentimita moja.

Pale kibandani kuna mzee mmoja hakosi mechi, hukaa kiti cha mbele kabisa na redio yake ndogo mkononi hata kama runinga ina sauti. Akanigeukia.

“Mwanangu, wewe si ndiyo mwandishi wa mpira?”

“Ndiyo mzee.”

“Hebu niambie. Hiyo ofsaidi, maana yake nini?”

Nikaanza: mshambuliaji akiwa mbele ya mpira na mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho... Akanikata. “Hiyo sheria naijua kabla hujazaliwa. Nimekuuliza neno. Maana yake nini?”

Nikasema ni “upande usio sahihi”. Akanitazama vile wazee wanavyotazama, akarudi kwenye redio yake. Nilijua nimebahatisha. Kwa lugha ya shule, nimeotea.

Ndiyo maana ya makala hii. Nimefuatilia neno hilo kwa muda sasa, na kiukweli limenibadilishia namna ninavyolitazama bao lile la Andersen. Limenibadilishia pia namna ninavyolitazama bao langu mwenyewe, lakini hilo tutalifikia.

SIYO UPANDE MBAYA

Wengi wetu tunaamini “off side” ni kama kusema umesimama upande mbaya wa msitari. Hapana. Msitari wenyewe haukuwepo. Mwaka 1845, pale Rugby, shule ya bweni katika mji wa Rugby nchini Uingereza, wanafunzi waliandika kanuni za mpira wao. Ni miongoni mwa kanuni za zamani kabisa za mpira zilizowekwa kwenye maandishi. Humo kuna mchezaji anayeelezwa kuwa yuko “off his side”.

Sasa tulivunje taratibu. “Side” hapa ni timu, kundi lako. Ni vilevile sisi mtaani tunavyogawana kabla ya mechi ya chandimu: “Wa upande wetu huku, wa upande wenu kule.” Waingereza mpaka leo wanaiita timu “side”. Na “off” maana yake mbali na, kuachana na. Neno hilo lenyewe zamani lilikuwa kitu kimoja na “of”, yaani kale ka-neno kadogo wanakolitumia kama sisi tunavyotumia “ya” na “wa”. Lile lililotamkwa kwa mkazo likabaki na maana ya kuondoka, likajitenga likawa neno lake.

Kwa hiyo mtu aliye “off his side” ni mtu aliyejitenga na wenzake. Timu iko huku na mpira, yeye yuko kule peke yake. Ameacha kundi.

Ukilielewa hivyo, mchezo wao unaeleweka. Mpira wa shule zile ulikuwa kundi la vijana wanausukuma mpira kwa miguu na vifua kwenda mbele, wote nyuma yake, kama watu wanasukuma gari lililokwama kwenye tope. Kukaa mbele ya mpira unasubiri uletewe ilionekana ni uhuni. Siyo kosa la hatua wala la kipimo, ni kosa la tabia. Wenzako wanavunjwa miguu huko nyuma, wewe umesimama kwenye kivuli unasubiri ulaji.

Neno likaanza kama maneno mawili ya kueleza hali ya mtu. Likaja likafungwa kwa kistari, “off-side”, na mwisho likaunganishwa kabisa, “offside”. Kivumishi kimoja kilichozaliwa na maneno mawili. Na “onside”, kinyume chake, ni hukohuko: yuko na wenzake.

Hapa niwaonye wale wanaopenda kubishana. Kriketi nao wana “off side”, na madereva wa Uingereza wana “offside” ya gari. Hizo ni za ukoo mwingine, zinatoka kwenye mambo ya farasi na mikokoteni, upande ulio mbali na yule anayempanda farasi. Ukisikia mtu kijiweni anasema ofsaidi ya mpira imetoka kwenye farasi, mpe kiti akae, mwache amalize, halafu usimlipie kahawa.

WEZI WA ETON

Rugby haikuwa shule pekee. Pale Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kosa lilelile walilipa jina jingine: “sneaking”. Yaani kunyata, kujipenyeza kimyakimya. Kanuni zao za mwaka 1847 zinaeleza kwamba mchezaji ananyata iwapo mpira uko nyuma yake na mbele yake wamebaki wapinzani watatu au pungufu. Hebu soma tena hiyo. Tayari kuna hesabu ya wapinzani ndani yake, miaka karibu 180 iliyopita.

Vijana waliosoma shule hizi tofauti walipokutana chuo kikuu Cambridge ikawa vurugu, kila mmoja na sheria yake. Wakakaa wakaandika kanuni za pamoja. Zile za mwaka 1856 zinasema mchezaji haruhusiwi kuzurura kati ya mpira na goli la adui. Kuzurura! Neno unalotumia kwa kijana anayekaa stendi bila nauli.

Halafu Oktoba 26, 1863, kwenye baa iitwayo Freemasons' Tavern jijini London, klabu zikakutana na kuunda chama cha soka, FA. Sheria zao za kwanza zilikuwa kali: ukiwa mbele ya mpira wakati mwenzako anapiga, basi. Lakini humo hawakuandika “off side”. Waliandika “out of play”, nje ya mchezo.

Na hapa ndipo penye kichekesho. Katika mikutano hiyohiyo, watu wa mtindo wa Rugby, wakiongozwa na klabu ya Blackheath, walisusa. Walitaka kubeba mpira mikononi na kupigana mateke ya ugoko, wenzao wakakataa. Wakaondoka zao, na mwaka 1871 wakaunda chama chao cha rugby. Wakaondoka na mpira wao wa yai, lakini neno lao likabaki. Taratibu ile “out of play” ikafifia kwa Waingereza na “off-side” ikashika. Soka likamfukuza mgeni, likabaki na koti lake.

Wenzao wa nchi nyingine walishika lile la FA. Mfaransa anasema “hors-jeu”, Mhispania “fuera de juego”, Mtaliano “fuorigioco”, Mdachi “buitenspel”. Wote hao wanasema kitu kimoja, nje ya mchezo. Mjerumani yeye alifuata la Rugby: “Abseits”, kando, mbali na upande. Kule Argentina hawakutafsiri kabisa, walilitamka walivyolisikia kwa Waingereza mpaka likawa “orsai”. Ni kama sisi na ofsaidi yetu.

SISI TULIOTEA WAPI?

Huku kwetu yapo yote mawili. Utamsikia mtangazaji anasema “ofsaidi hiyo”, na dakika mbili baadaye anasema “ameotea”. La kwanza tumelichukua likiwa na viatu vyake. La pili ni letu, na kwangu mimi ndilo tamu zaidi.

Kuotea ni kuvizia. Chui anaotea swala. Mwindaji anakaa kichakani anaotea, hapumui kwa nguvu, anasubiri mnyama apite. Aliyelileta neno hili uwanjani hakutafsiri “off”, wala hakutafsiri “side”. Alimtazama yule straika aliyejibanza karibu na kipa, akaona mwindaji. Akasema: huyu anaotea.

Wapo wanaosema limetoka kwenye kuota ndoto, kwamba straika kasimama anaota. Ni kichekesho kizuri, ila mtego wa kuotea hautegwi kwa anayeota, unategwa kwa anayevizia. Ile ya kuotea jibu la mtihani, ndiyo, haipo mbali sana: nayo ni kuvizia bahati.

Sasa kaangalie Kiarabu. Ukiwa na ndugu Muscat au Dubai, mwombe akutegee sikio mechi ya ligi ya kule. Mtangazaji atasema “tasallul”. Maana yake kujipenyeza kwa siri, kunyatia. Wana wa Eton, Waarabu, na sisi Waswahili, kila mmoja kwa njia yake, tumeliona kosa lilelile: mtu anayejificha ili avune asipopanda.

Ndiyo maana mzee wa kibandani aliuliza neno. Ukishasema “ameotea”, umemshitaki mtu nia. Delaney aliotea nini? Alikuwa katikati ya wachezaji kumi, anagombea mpira kama wengine, kiatu namba kubwa. Chui hawezi kuotea kwa kidole gumba.

BEKI ALIYEWACHOSHA MASHABIKI

Lazima niseme ukweli kwamba mambo hayakuharibiwa na kompyuta. Yalianza kuharibika zamani, siku walipogundua kuwa hata beki anaweza kuotea.

Kwanza sheria ililegezwa. Mwaka 1866 FA walikubali uwe mbele ya mpira mradi mbele yako wapo wapinzani watatu. Hapo ndipo pasi ya kwenda mbele ilipopata uhai. Kule Sheffield, ambako klabu yao ilianza 1857, kanuni zao za mwanzo hazikuwa na ofsaidi kabisa, na walikuwa na watu maalumu wa kukaa golini kwa mpinzani siku nzima. Hebu fikiria Haaland kwenye sheria hiyo. Mwaka 1877 Sheffield nao wakaingia kwenye sheria za FA, shughuli ikaisha. Mwaka 1907 ikawekwa kwamba huwezi kuotea ukiwa nusu yenu ya uwanja. Mwaka 1920 mpira wa kurusha ukaondolewa.

Lakini ile hesabu ya watatu ikazaa ujanja. Beki mmoja wa Newcastle, Bill McCracken, mtoto wa Belfast, aligundua kwamba akipanda hatua mbili mbele kwa wakati, beki mwenzake akibaki, washambuliaji wote wanakuwa wameotea bila kufanya kitu. Hawakusogea. Wamesogezewa sheria. Mechi zikawa filimbi tupu, mpira ukachezwa kwenye ukanda mwembamba katikati ya uwanja, mashabiki wa timu pinzani wakamchukia yule bwana kama mtoza kodi.

Angalia maana ilivyopinduka. Zamani mwenye kunyata alikuwa mshambuliaji. Sasa mwenye kutega ni beki, na anayenaswa ndiye anayeitwa ameotea.

Mwaka 1925 wakapunguza kutoka wapinzani watatu hadi wawili. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Ligi Daraja la Kwanza ya England msimu wa 1924-25 ilikuwa na mabao 1,192. Msimu uliofuata, mechi ni zilezile 462, mabao yakawa 1,703. Ongezeko la mabao 511 kwa kubadili tarakimu moja. Mabeki walichanganyikiwa. Oktoba 3, 1925 Arsenal walipigwa 7-0 na Newcastle, na baada ya kichapo hicho kocha Herbert Chapman, akisikiliza ushauri wa Charlie Buchan, akamrudisha kiungo wa kati akawa beki wa katikati. Beki wa kati unayemlaumu kila wikiendi alizaliwa hapo, kwa sababu ya ofsaidi.

Baada ya hapo ni marekebisho ya kuwabeba washambuliaji. 1990: ukiwa sambamba na beki huna kosa. 2005: inahesabiwa sehemu ya mwili inayoweza kufunga bao, mikono imetolewa. Enzi hiyo alikuwepo Filippo Inzaghi, yule ambaye Sir Alex Ferguson alitania kwamba lazima alizaliwa akiwa ameotea. Inzaghi ndiye alikuwa mwoteaji wa kweli kwa maana ya Kiswahili. Alikuwa anavizia. Akinaswa mara kumi halalamiki, ya kumi na moja anafunga na kukimbia kwenye kibendera kama kashinda bahati nasibu. Mtu kama huyo akikatazwa, hakuna aliyelia.

KUTOKA TABIA HADI KWAPA

Novemba 7, 2020, Patrick Bamford wa Leeds alikuwa anamwonyesha mwenzake kwa mkono ni wapi ampe mpira, pale kwa Crystal Palace. Mpira ukaja, akafunga. VAR ikasema ule mkono aliounyoosha, kuanzia pale bega linapoishia, umetangulia. Bao hakuna. Leeds wakafa 4-1. Mtu kanyanyua mkono kuomba pasi, yaani anazungumza na timu yake, na neno ambalo maana yake ni kujitenga na timu yake ndilo lililomtoa.

Qatar 2022 wakaongeza mashine. Kamera 12 juu ya paa, kila mchezaji anafuatwa alama 29 za mwili mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira kuna kihisio kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Bao la kwanza kabisa la mashindano, la Enner Valencia wa Ecuador dhidi ya wenyeji, lilifutwa mapema tu na mtambo huo. Na mtambo haukukosea. Hilo ndilo gumu kulielezea kijiweni: hata kwa Delaney haukukosea. Sheria inasema sehemu yoyote, na ncha ya kiatu ni sehemu.

Arsene Wenger, ambaye sasa yuko FIFA, amekuwa akipendekeza kwamba mshambuliaji ahesabiwe kosa pale tu mwili wote unapompita beki, mwanga uonekane katikati yao. Mabeki hawapendi hata kuisikia. Mimi naipenda, ingawa najua ikipita tutaanza kubishania kisigino badala ya ncha. Wenger, sijui kama anajua, anajaribu kulirudisha neno karibu na lilikotoka: mtu aliyeachana na wenzake kiasi cha kuonekana kwa macho, bila kamera 12.

BAO LANGU NA MBUZI

Sasa lile langu. Nilikuwa namba tisa wa timu ya mtaa, nina miaka 17, fainali ya kombe la mbuzi. Dakika za mwisho, sare tasa. Nikafunga. Mshika kibendera akanyoosha. Tukaenda matuta, tukafa, mbuzi akaondoka na watu wa mtaa wa pili, na nyama tukaisikia kwa harufu. Kwa miaka yote hiyo nimewaambia watu nilikuwa sambamba na beki. Nimeapa.

Aliyeshika kibendera siku ile bado yupo mtaani, anatengeneza baiskeli. Wiki iliyopita nilimpelekea tairi, nikamwuliza kiutani kama anakumbuka.

“Shikamoo kaka. Lile bao la mbuzi, niliotea kweli?”

“Marahaba.” Hakuinua macho kwenye spoku. “Ilipigwa kona ikaokolewa. Wenzako wote wakarudi kukaba. Wewe ulibaki pale karibu na kipa unafunga kamba za kiatu. Mpira ukarudi, ukafunga.”

“Kamba zilikuwa zimefunguka kweli, kaka.”

“Zilikuwa zimefungwa,” akasema. “Nilikuwa mita tano.”

Nikamlipa hela ya tairi. Jioni nilipita kibandani, mzee yupo kiti chake cha mbele, nikamwambia maana ya neno: mtu aliyejitenga na wenzake. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama mechi ya leo inaanza saa tatu au saa nne.